Shingo Iliyotoka Begani

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekewa ndoo ya maganda ya risasi miguuni, nikapewa kiti, nikaambiwa nisome vitako vyake. Mimi, ambaye hata Biblia naisoma kwa kufuata kidole. Nje theluji ilikuwa inaanguka bila upepo, ile theluji ya mji wetu huu wa Crystal inayoshuka kama haina haraka ya kufika chini, na ndani ya karakana kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya kondoo. Nikaona kama bado sijaamka, kama nimesinzia kwenye ile ndege iliyotuleta na haya yote ni ya usingizini. Maganda nilikuwa nayajua. Kwetu Kongo, upande wa Fizi, tuliyakanyaga njiani tulipokuwa tunakimbia. Watoto waliyaokota, wakayapuliza yakalia kama filimbi, na mama zao wakawapiga makofi ya mgongo. Sasa nimekaa kambini Kigoma mpaka nywele zikageuka rangi, nimevuka bahari kwa juu, nimefika Minesota ya Amerika, na kitu cha kwanza ninachowekewa miguuni ni kile kile.

Nikacheka peke yangu. Msimamizi wa Kuchambua, mama mmoja wa Kihmong, kabila la huko Asia, mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, akaniuliza nacheka nini. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji tu. Nikaonyesha ndoo, nikajigusa kifua, nikachezesha vidole viwili hewani kama miguu ya mtu anayekimbia. Akaniangalia. Akajigusa kifua chake, naye akachezesha vidole vile vile. Halafu akasema neno nililolielewa bila kufundishwa: "Fanya kazi."

Basi, vijana wa kanisa letu, ninyi ndio mlioniomba niandike kazi ile ilikuwaje, kwa sababu mnasikia tu kwamba Papa Neema alikuwa anatengeneza risasi, na wengine mnaniangalia kwa jicho la pembeni. Sikutengeneza risasi. Nitaeleza. Mnaosoma Kiswahili muwasomee wale wanaojibu kwa Kiingereza. Na maneno ya Wazungu nitayaandika kwa Kiswahili, maana ndivyo yalivyobaki kichwani mwangu.

Risasi nzima ni vitu vinne vilivyoshikana. Kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Kuna baruti inayokisukuma. Kuna fataki, ile punje ndogo ya chini inayogongwa ikatoa cheche. Na kuna ganda la shaba ya njano linalovibeba vyote. Sisi tulishughulika na ganda peke yake, likiwa tupu. Huku Amerika kuna wazee wenye bunduki za babu zao, nyingine zilitoka Ajentina, nyingine Japani, vita vyake vimekwisha, viwanda vyake vimefungwa, na madukani ganda lake halipatikani tena. Bunduki imelala kabatini kama mtu aliyebaki peke yake na lugha yake. Sisi tunachukua ganda refu la Kimarekani, waliitalo thati-o-siksi, lililojaa kila mahali, tunalikandamiza, tunalichoma, tunalikata, mpaka linakaa sawasawa ndani ya bunduki ya babu. Mwenyewe analijaza baruti nyumbani kwake, na mwezi wa kumi na moja anakwenda kuwinda kulungu. Ndiyo kazi yote.

Mama Neema nilipomweleza hivyo aliacha kuosha vyombo akafikiri. "Kwa hiyo," akasema, "unashona suruali kuukuu iwe kaptula."

"Karibu na hivyo."

"Basi kanisani sema kaptula. Risasi usitaje."

Kwenye meza ya kuchambua nilikaa majira ya baridi yale yote. Kitako ni ule mviringo wa chini wa ganda, na juu yake kiwanda kimegonga herufi zake. Viwanda havilingani; shaba ya huyu ni nene, ya yule ni nyembamba, na ukizichanganya zinakuja kukusumbua mbele. Mimi sikusoma zile herufi. Niliziangalia sura yake, kama kwetu tulivyotambua madumu ya mawese ya kila mtu kwa alama aliyochora na msumari. Nilikamua mawese miaka mingi, hilo mnalijua, na mtu aliyekamua mawese anajua kuangalia kitu mpaka kimwambie. Baada ya kuchambua tunang'oa fataki zilizokufa, tunaosha, halafu tunayatia kwenye pipa linalozunguka pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yanasuguana humo mpaka yanatoka yanang'aa kama meno ya bibi harusi. Magunzi! Kwetu gunzi ni la kuwashia moto au la chooni. Nilipoliona linauzwa kwenye gunia lenye picha nzuri nilisimama nikalitazama kwa heshima.

Kutoka pale nikapandishwa kwenda kwenye presi, mashine ya kukandamizia, chini ya Mkuu wa Kalibu. Kalibu ni chuma kigumu chenye tundu la umbo la ganda unalolitaka. Unalisukuma ganda humo kwa mkono wa presi, linatoka na umbo jingine. Mkuu wa Kalibu alikuwa mzee wa Kizungu, Orvil, mrefu, mabega yameanguka mbele, mjane, hana mtoto. Kalibu zote alizichonga mwenyewe tangu enzi za baba yake Madam, aliyeanzisha karakana. Madam ndiye alikuwa patroni wetu, mwenye kazi, mwanamke wa nywele fupi anayetembea haraka hata akienda kunywa maji.

Siku ya kwanza kwenye presi nilivuta mkono kwa nguvu zangu zote za Kikongomani. Orvil akanigusa kiwiko.

"Papa, hiyo ni presi," akasema. "Siyo mlango wa jela."

Akanifundisha mafuta. Ni mafuta yanayotoka kwenye manyoya ya kondoo, na unapaka kidogo sana, kama unavyompaka mtoto mchanga nyuma ya masikio. Ukipaka mengi yanajikusanya yanabonyeza ganda begani, linatoka na shimo. Ukipaka machache linakwama ndani ya kalibu, na hapo Orvil hasemi kitu, anavua kofia tu anaiweka mezani, na wewe unatamani akutukane.

Ganda lina mwili kama sisi. Lina kitako, kiwiliwili, bega, shingo na mdomo. Sasa jambo linalonishangaza mpaka leo ni hili: ukilifupisha, huwezi kutumia shingo yake ya zamani. Ile inakatwa, inatupwa. Shingo mpya inatoka kwenye kilichokuwa bega, na bega jipya linatoka kwenye kilichokuwa kiwiliwili. Nilikuwa naliwaza hilo kwenye gari jioni, vioo vimefanya ukungu, taa za watu zinapita nyekundu nyekundu, na Kerubo anaendesha. Kerubo ni Mkenya, Mkisii, jirani yetu, alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee huko Golden Valley, na kwa kuwa njia ni moja alinibeba kila siku. "Mzee, mbona umenyamaza hivyo, uko sawa?" ananiuliza. Nasema niko begani, natafuta shingo. Anasema, "Haki wewe, hiyo kazi itakumaliza."

Kutoka presi nikaingia chumba cha moto, na hapo ndipo nilipokaa zaidi, na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Shaba ikikandamizwa inakuwa kaidi. Inakakamaa, na ukiilazimisha tena inapasuka mdomo. Kwa hiyo kila baada ya kukandamiza lazima ulainishe shingo kwa moto. Unayapanga maganda yamesimama kwenye sinia la maji, vitako ndani ya maji ili vibaki vigumu, shingo juu. Unapitisha mwali wa gesi, wa buluu, kwenye shingo ya moja. Mwanzo shaba inageuka rangi kama shingo ya njiwa, kijani na zambarau zinakimbizana. Halafu unakuja wekundu hafifu sana, kama moto ulio nyuma ya pazia. Hapo hapo unaligonga lianguke majini, linasema chwii, limekwisha. Ukiwahi, shingo bado kaidi. Ukichelewa, shaba imekufa. Inakuwa laini kama ulimi, haishiki kichwa cha risasi, kichwa kinaweza kusukumwa kikazama ndani, na hapo nguvu ya baruti inazidi kipimo na bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni.

Wekundu ule hauonekani kwenye mwanga. Kwa hiyo chumba cha moto kilikuwa giza mchana kutwa. Dirisha limefunikwa blanketi, taa moja ndogo kwenye kona. Mle ndani ukimya wake sijaupata mahali pengine. Maganda yamesimama majini safu kwa safu kama kwaya inayongoja kuanzishiwa, mwali unapumua, mvuke unapanda, chwii, kimya, chwii. Kuna siku nilitoka mle sikujua kama ni Jumatatu au kama nimeshakufa.

Orvil alishika moto, mimi niligonga. Lakini taratibu, sijui tangu lini, alianza kuniuliza. "Unaonaje?" Nikidhani ananijaribu, nilimjibu. Nilipoona wekundu nilisema "sasa", kwa Kiswahili, maana ndilo neno lililotoka. Akalizoea. Mwishowe hakuondoa moto mpaka niseme sasa, na wale wa nje walitucheka, eti humo ndani mnaomba? Sasa, chwii. Sasa, chwii.

Kerubo ndiye aliyenifungua macho. Jioni moja alishuka garini kunisaidia mzigo, akasalimiana na Orvil nje ya mlango. Tulipoondoka akaniuliza, "Mzee, yule rafiki yako anaangaliaga watu masikio?"

"Ana adabu. Hakodolei watu macho."

"Si adabu. Mimi nina wazee kama hao wengi kazini. Kati ya jicho inafifia, wanabaki na pembeni. Akitaka kukuona uso lazima aangalie sikio lako. Na rangi zinamtoroka. Bado anadraivu?"

Nikakumbuka gari lake halijatoka chini ya theluji tangu mwaka uliopita, na kwamba anakuja kwa miguu. Kesho yake niliingia chumba cha moto, nikasema sasa kwa sauti zaidi kidogo. Yeye hakusema, mimi sikusema. Mtu aliye mjane, asiye na mtoto, ukimwondolea moto wake unamwachia nini? Na maganda yalikuwa mazuri. Sauti yangu na mkono wake vilifanya kazi ya mtu mmoja mzima.

Sasa ikafika vuli. Nikapelekwa wiki moja kusini, ng'ambo ya Lakeville, kwenye uwanja ambapo maganda mengine yanamaliziwa kwa kufyatuliwa. Hili nalo mlisikie, maana Mama Neema hajanisamehe mpaka leo. Ganda ambalo umbo lake halijajaa vizuri linatiwa baruti kidogo, halafu badala ya kichwa linajazwa semolina, ule unga wa uji wa mtoto, mdomo unazibwa kwa nta, linafyatuliwa hewani. Nguvu inalitanua ganda linajaa bunduki sawasawa. Pu! linasema, na wingu jeupe linaelea juu ya majani makavu, na uwanja mzima unanuka uji ulioungua. Niliota nikiwa nimesimama, nikamwona mama yangu anakoroga. Nilipomsimulia Mama Neema akasema, "Watu wanalala njaa, ninyi mnaupiga uji risasi?"

Nikarudi Crystal Jumatatu. Nafungua chumba cha moto, nikaziba macho. Blanketi limeondolewa. Juu darini taa mpya ndefu nyeupe, zile za kuokoa umeme, chumba kinawaka kama cha upasuaji. Orvil amesimama katikati anatabasamu.

"Madam ameniwekea," akasema. "Aliona nainama sana. Na angalia, Papa, nimemaliza ndoo nzima bila wewe."

Ndoo ilikuwa imeshapita kwenye magunzi, maganda yanang'aa yote sawa. Nikachukua moja nikalibonya mdomo kwa vidole viwili. Ganda zuri ukilibonya linakataa kidogo, ukiliachia linarudi. Hili halikukataa. Lilikaa nilivyoliacha, limefumba kama jicho. Nikachukua la chini zaidi. Hilo lilirudi, lilikuwa la kabla sijaondoka. Jingine, laini. Yamechanganyika, na baada ya magunzi hakuna jicho la binadamu linaloweza kuyatenga. Nikaelewa yote. Chini ya taa zile hata mimi nisingeona wekundu mpaka shaba imeshakufa. Na yeye alikuwa amesimama siku zote zile, mwali mkononi, akingoja rangi isiyokuja.

Kwetu mtu mzima haambiwi jambo zito amesimama. Anakalishwa kwanza, anapewa kitu cha kunywa, ndipo maneno yanakuja. Nikaenda jikoni, nikarudi na kahawa, nikavuta kiti.

"Kaa, Mzee."

"Sina nafasi ya kukaa. Mzigo huu unaondoka Ijumaa."

"Kaa."

Akaangalia sikio langu. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kunywa kahawa."

"Tangu nikujue hujawahi kuniletea kahawa. Sema, nani amekufa?"

Alipokaa nikamwekea ganda mkononi. Vidole vyake vilikuwa na akili kuliko vyangu. Alibonya mara moja. Akanyoosha mkono, nikampa jingine. Akabonya. Nikampa zuri, hilo alilishika muda mrefu.

"Hili la tatu tulikuwa wote," akasema.

"Ndiyo."

Kahawa ikapoa. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, linalia pii, pii. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Tunaweza kusema kalibu iliharibika."

"Kalibu yako? Nani ataamini?"

Akacheka, mabega yakatikisika, halafu kicheko kikakatika katikati kama kimekatwa kwa msumeno. Akashika ukingo wa meza. "Papa, boksi moja limeshaondoka. Jumamosi. Nilimpa mtu mkononi mwangu mwenyewe."

Mtu huyo alikuwa mteja wa siku nyingi, mzee anayekaa kaskazini peke yake, mwenye bunduki ya Kiajentina ya baba yake. Na uwindaji unafunguliwa Jumamosi inayokuja.

Sikuhitaji kwenda kwa Madam. Orvil alisimama mwenyewe, akafuata ukuta kwa mkono kama alivyozoea, na mimi zamani nilidhani ni uzee kumbe ni njia yake ya kuona, akaingia ofisini na mlango ukabaki wazi. Nilisikia.

"Nimeua ndoo nzima," akasema. "Na boksi la yule wa kaskazini. Sioni rangi. Nina mwaka sasa sioni."

Madam hakupaza sauti. "Nilijua macho yanakusumbua," akasema. "Nilidhani ni taa."

Akapiga simu kaskazini. Haikujibiwa. Akapiga tena mchana, kesho yake asubuhi, jioni, anaacha ujumbe, hakuna. Yule mzee, Orvil akasema, simu yake anaiweka kwenye droo, anaitoa Krismasi. Madam akasema tutume barua ya haraka. Orvil akasema, "Mimi ndiye nitakayekwenda." Madam akamwambia, kwa upole, kwamba hawezi kuendesha. Na mimi sikuwa na leseni ya gari, wala sijaipata hadi leo.

Alhamisi hiyo Kerubo alikuwa ametoka shifti ya asubuhi, hata sare hakubadilisha. "Mnataka niende wapi?" akauliza. Nikamweleza. Akatazama mawingu. "Mzee, theluji inakuja na matairi yangu ni kipara. Haya, ingieni. Tutadraivu pole pole, na mnaomba, nyote wawili."

Ile safari ninaiota bado. Mji ukaisha, mashamba yakaja, mahindi yamevunwa yamebaki mabua, halafu misonobari ikasogea karibu na barabara na theluji ya kwanza ikaanza, inatujia kiooni kama nyota zinazokimbia. Orvil alikaa mbele, uso ameugeuzia dirishani, na kwa pembe ya jicho aliona barabara kuliko mimi. "Punguza, kuna kona," alikuwa anasema, na kona inakuja. Kerubo akamwuliza amejifunzia wapi njia hii. Akasema alikuwa anakuja huku na mke wake.

Tulimkuta yule mzee uani, anapakia gari. Bunduki ilikuwa tayari imelala kwenye kiti cha mbele. Orvil akashuka kabla gari halijatulia, akatembea kuelekea kwenye sauti ya hatua za yule mtu. Hakuzungusha maneno.

"Nilikupa maganda mabaya. Macho yangu yamekwisha. Nirudishie yote."

Yule mzee wa kaskazini akamtazama, akamtazama Kerubo na sare yake ya maua, akanitazama mimi na kofia yangu ya sufu. "Yote nimeshayajaza," akasema. "Moja limo ndani ya bunduki. Nilitaka kulijaribu leo."

Akaichukua bunduki, akaelekeza mdomo ardhini, akavuta komeo. Risasi nzima ikaruka nje, ikazama kwenye theluji bila sauti. Sisi watatu tuliinama tukatafuta kwa macho, nyeupe juu ya nyeupe, shimo lenyewe limejifunga. Orvil alikuwa ameshapiga magoti. Alivua glavu. Uso aliuelekeza kwenye miti, mbali kabisa, kama mtu anayewaza mambo mengine, na mikono yake ikatembea ndani ya theluji polepole, kidole kwa kidole, ikakusanya, ikachuja, ikasogea. Tukasimama. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mikono ilikuwa imeshakuwa myekundu alipoitoa, risasi imo kiganjani.

Alikibonya kichwa cha ile risasi kwa kidole gumba. Kikazama ndani ya ganda, taratibu, kama mguu unaozama matopeni.

Yule mzee akaangalia. Akaiweka bunduki juu ya gari, akaiacha pale. "Ingieni ndani," akasema. "Kuna baridi."

Alirudisha boksi lote, hata moja halikubaki. Orvil akampa mengine mazuri, aliyoyabonya yeye mwenyewe moja moja wiki ile, kwa sababu siku tatu tulizongoja simu ijibiwe tulikuwa tumekaa na ndoo kati ya magoti yetu, anabonya, anasema laini, anasema zima, na mimi natenga. Karibu nusu tuliyeyusha.

Hakurudi kwenye moto. Madam alimpa meza dirishani, kazi ya kubonya, akakaa hapo majira ya baridi yote hadi miti ikachanua, halafu mwenyewe akasema inatosha. Taa zile zikahamishwa meza ya kuchambua, blanketi likarudi, na mimi nikashika moto peke yangu miaka iliyobaki, mpaka ikanunuliwa mashine inayochoma kwa kupima muda, isiyohitaji mtu kusema neno. Ni mashine nzuri. Sina ugomvi nayo. Magoti yangu yalipokataa ngazi nami nikaaga. Madam akanipa keki, Msimamizi wa Kuchambua akanifinya mkono mpaka ukauma.

Sasa ninakaa nyumbani, Mama Neema ananifukuza jikoni, na vijana mnaniuliza umefanya nini Amerika miaka yote ile, umebaki na nini. Kitu nilichobaki nacho hakionyesheki. Maganda mazuri tuliyoyatoa ni mengi kuliko ninavyoweza kuwaza, na hakuna mtu hata mmoja aliyepata kunisimamisha njiani akaniambia, Papa, lile ganda lako lilikuwa zuri. Mkate mzuri unasifiwa. Nyumba nzuri inasifiwa. Ganda zuri mtu halikumbuki, anarudi kwake jioni na uso wake mzima, anavua viatu, anakula.

Lakini ninayo Jumamosi ile uwindaji ulipofunguliwa. Nilikwenda nyumbani kwa Orvil asubuhi, kwa miguu. Alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa kama mtu anayengoja gari, na simu ameiweka mezani mbele yake. Sikumwuliza anangoja nini. Kama kuna ganda lililotuponyoka, ndiyo siku ambayo simu italia. Nikakaa. Theluji ilikuwa inashuka Crystal yote, mitaa imezibwa masikio, hata magari yalipita kama yamevaa soksi. Tukala mkate. Mchana ukaja ukaondoka. Kuna wakati nilisinzia, nikaamka, naye yuko vile vile, uso kwenye dirisha, sikio kwenye simu. Taa za barabarani zikawaka.

"Unasikia kitu?" akaniuliza.

Nikasikiliza vizuri, kwa ajili yake.

"Sisikii kitu, Mzee."

Akafungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akaegemea nyuma, akafumba macho.

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo sauti yetu."